Kuchagua kiatu cha suti: anza na mguu, kisha ngozi, soli ije mwisho

Wateja wengi wanapotaka kununua kiatu kizuri cha ofisini au cha harusi huniuliza kwanza habari ya soli: ni ya ngozi au ya raba, itadumu, itateleza? Mimi huwarudisha nyuma. Soli ikiisha, fundi anaing'oa na kuweka nyingine. Kisigino kikilika upande, kinabadilishwa huku umekaa kwenye benchi unasubiri. Kiatu kisichoendana na mguu wako hakina dawa, na ngozi mbovu haiwi nzuri hata ukiipiga kiwi kila asubuhi. Basi anza na yale ambayo fundi hawezi kuyarekebisha. Utaratibu ni uleule, uwe unanunua kipya dukani au unachambua mitumba Karume au Gikomba.

Hatua ya 1: Pima miguu yote miwili, na upime jioni

Mguu huvimba kadiri siku inavyosonga, na joto la pwani huzidisha. Vaa soksi zile utakazovalia kiatu hicho, simama juu ya karatasi na uzito wako wote, kisha mtu akuchoree mguu kwa penseli iliyosimama wima. Usijichoree mwenyewe, kwa sababu ukiinama uzito unahama. Pima kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu zaidi. Watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Fuata ule mkubwa.

Sasa namba. Namba za Ulaya huenda kwa theluthi mbili za sentimita, na kinachopimwa si mguu wako bali lasti, yaani kalibu ambayo kiatu hujengwa juu yake. Namba 42 ni lasti ya sentimita 28. Namba za Uingereza huenda kwa theluthi moja ya inchi, na namba 8 ni lasti ya inchi 11, ambazo ni karibu sentimita 28 zilezile. Ndiyo sababu 8 na 42 huandikwa pamoja. Za Marekani kwa wanaume huwa juu kwa namba moja hivi. Mguu wenyewe unatakiwa uwe mfupi kuliko lasti kwa sentimita moja na nusu hadi mbili, na kwa viatu vilivyochongoka mbele nafasi hiyo iongezeke.

Kwenye mitumba angalia pia herufi iliyo kando ya namba. Katika viatu vingi vya Uingereza F ndiyo upana wa kawaida, E ni chembamba na G ni kipana. Marekani upana wa kawaida ni D. Wenzetu wengi wenye miguu mipana hupanda namba ili wapate nafasi ya pembeni, matokeo yake kiatu kinakuwa kirefu na kinavuka kisigino. Dawa yake ni kutafuta upana, si urefu.

Hatua ya 2: Tafuta mahali kiatu kinapokunjika

Hatua hii usiiruke hata kama muuzaji ana haraka. Mguu una sehemu yake pana kuliko zote, pale kwenye fundo la kidole gumba, na hapo ndipo unapokunjika ukitembea. Kiatu nacho kina sehemu yake pana. Sehemu hizo mbili lazima zikutane. Kama fundo lako limetangulia mbele ya upana wa kiatu, kiatu ni kifupi kwako, hata kama vidole havijagusa mwisho. Kama limebaki nyuma, ni kirefu. Watu wawili wenye urefu sawa wa mguu wanaweza kuhitaji namba tofauti, kwa sababu mmoja ana vidole virefu na mwingine vifupi.

Likigoma kukaa mahali pake, acha kiatu hicho, hata kiwe kizuri namna gani. Kitakunjika pasipo pake, ngozi itakubana juu ya vidole, na makunyanzi yake yatakuwa mabaya maisha yote ya kiatu.

Likikaa sawa, funga kamba na utembee kwenye sakafu ngumu, si kwenye zulia la dukani. Kisigino kuinuka kidogo kwenye kiatu kipya chenye soli ngumu ni kawaida; soli ikilainika kitatulia. Kisigino kuchomoka si kawaida. Kwa Oxford, ile ambayo sehemu mbili za kamba zimeshonewa chini ya ngozi ya mbele, acha uwazi mdogo katikati ya kamba kinapokuwa kipya, kama nusu sentimita. Kikizoeana na mguu, uwazi huo utajifunga. Kama zimegusana siku ya kwanza, baada ya miezi michache hutakuwa na pa kukazia. Mwenye mguu ulioinuka juu apendelee Derby, ambayo kamba zake hufunguka wazi zaidi. Moka haina kamba, kwa hiyo inatakiwa ikubane kidogo tangu dukani.

Muuzaji akikuambia "kitaachia", muulize kitaachia wapi. Ngozi hutanuka kwa upana, kiasi kidogo. Kwa urefu haitanuki.

Hatua ya 3: Kunja ngozi kwa kidole gumba

Harufu haithibitishi chochote, maana hupuliziwa. Maandishi ya "ngozi halisi" nayo hayakuambii ni tabaka gani la ngozi. Ngozi bora ni ya tabaka la juu kabisa, lile lenye vinyweleo, ambalo halikusuguliwa. Ngozi yenye makovu husuguliwa kwa msasa, halafu hupakwa rangi nzito iliyo kama plastiki ili makovu yafichike. Ng'ombe wetu hupita kwenye miiba, kupe na chapa za moto, ndiyo maana ngozi nyingi za ukanda huu huishia hivyo.

Bonyeza kiatu kwa kidole gumba pale vidole vinapokunjikia. Ngozi nzuri hutoa mistari myembamba mingi, na ukiachia inapotea. Iliyosuguliwa hutoa mikunjo michache mipana, kama utando unaoinuka. Utando huo ndio utakaopasuka, na nyufa zake hazizibiki. Angalia pia mng'aro: kiatu kinachong'aa kama kioo sehemu zote sawasawa kabla hakijapigwa brashi kinanitia shaka.

Ngozi ya ndama ndiyo ninayoipendekeza kwa kiatu cha suti, kwa kuwa vinyweleo vyake ni vidogo na inashika rangi vizuri. Linganisha kiatu cha kulia na cha kushoto. Kama kimoja kina uso laini na kingine kimelegea, huenda kimekatwa kwenye tumbo la mnyama, ambako ngozi ni dhaifu.

Kisha ingiza mkono ndani. Kwa mtu wa Dar, Mombasa au Tanga, ngozi ya ndani ina umuhimu sawa na ya nje. Ya plastiki hairuhusu jasho kupita, mguu unachemka, na baada ya muda inabanduka vipande pale kisigino kinaposugua.

Rangi haina mjadala mrefu: jozi ya kwanza nyeusi, ya pili kahawia iliyoiva.

Hatua ya 4: Jua soli imeshikwa na nini

Chungulia ndani, inua kile kitambaa au ngozi nyembamba ya juu ukiweza. Ukiona mshono umepita katikati ya soli ya ndani, hiyo ni Blake, njia iliyopewa jina la Mmarekani Lyman Blake aliyesajili mashine yake mwaka 1858. Kiatu kinakuwa chembamba na chepesi, ila mashine ya kukishona upya mafundi wengi hatuna, na maji hupata njia kupitia mshono.

Kama ndani hakuna mshono, lakini pembeni mwa kiatu kuna ukanda wa ngozi ulioshonwa, huenda ni Goodyear, njia ambayo mji wa Northampton, Uingereza, umejengea sifa yake. Hapo soli ya nje imeshonwa kwenye ukanda, si kwenye ngozi ya juu. Nikikata uzi huo natoa soli nzima bila kugusa kiatu chenyewe. Lakini kagua: viwanda vingine hubandika ukanda wenye mshono wa mapambo. Vuta ukanda kidogo kwa ukucha uone kama uzi unazama kweli, kisha tafuta mshono wenzake chini ya soli au ufa mwembamba ulioufunika.

Visivyo na mshono wowote ni vya gundi. Si vibaya kwa bei yake, mradi usilipie bei ya kilichoshonwa.

Hatua ya 5: Sasa soli yenyewe

Soli ya ngozi hupendeza na hupumua. Ngozi yake hutengenezwa kwa magome ya miti, kama ya miwati inayolimwa Njombe. Ila haipendi masika, na kwenye vigae vyenye maji inateleza. Ukiipenda, ivae siku kadhaa ipate mikwaruzo, kisha fundi akubandikie raba nyembamba ya milimita moja au mbili sehemu ya mbele. Kwa mtu wa daladala na bodaboda nashauri raba ngumu nyembamba tangu mwanzo. Pembeni haionekani tofauti kubwa.

Jihadhari na soli nyepesi za povu la polyurethane kwenye mitumba. Unyevu huzivunja taratibu hata kiatu kikiwa kabatini, na cha kupendeza kabisa kinaweza kumeguka siku ya harusi. Kunja soli kwa nguvu na ubonyeze ukingo kwa ukucha. Ikibaki alama isiyorudi, au ikitoa unga, hesabu bei ya soli mpya kabla hujataja bei yako.

Ukishanunua, paka mafuta ya ngozi kabla ya kuvaa mara ya kwanza, na kila ukivaa siku moja kipumzishe siku inayofuata, kikiwa na vibao vya mwerezi vya kushikilia umbo la kiatu, au magazeti, ndani. Kikilowa, kilaze ubavu kivulini soli ipate hewa. Usikiweke juani wala karibu na jiko.