Jinsi ya kuchagua na kuandaa wadudu wa kumlisha kinyonga

Kinyonga akimeza nyenje, amemeza pia kila kilichomo tumboni mwa nyenje huyo. Nyenje wawili wa ukubwa mmoja, mmoja kashinda njaa dukani siku tatu na mwenzake kala majani mabichi tangu jana, ni vyakula viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo aina ya mdudu ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni unachomlisha mdudu mwenyewe kabla hajaliwa. Ukiwa na haraka, anza na hatua ya 3, kwa kuwa huko ndiko wafugaji wengi wanakoharibu.

Hatua ya 1: Chagua wadudu wa msingi, wawili au watatu

Mdudu wa msingi ni yule anayejaza sehemu kubwa ya mlo wa wiki. Awe na protini ya kutosha, mafuta ya kiasi, na awe mwenyewe mlaji mzuri, ili uweze kumshibisha unavyotaka.

*Nyenje.* Nyenje wa nyumbani aliyekomaa ana maji karibu 70%, protini karibu 20% na mafuta karibu 7%. Anatembea sana, na kinyonga huvutiwa na kinachotembea. Ubaya wake ni kelele, harufu na kufa kwa wingi. Kuna kirusi cha densovirasi kilichowahi kufyeka mashamba ya nyenje wa nyumbani huko Ulaya na Marekani, ndiyo maana wazalishaji wengi siku hizi wanauza nyenje wenye mistari, ambao ni wagumu zaidi. Ukiona nyenje wako wanalala chali na kurusharusha miguu kisha wanakufa mmoja mmoja, choma au tupa kundi zima, safisha boksi, na usirudishe nyenje wa aina hiyo hiyo.

*Mende wa dubia.* Hanuki, halii, hapandi ukuta laini wa plastiki na anaishi muda mrefu. Kasoro yake ni kwamba akishtuka anaganda kama amekufa, au anajichimbia chini. Weka mende kwenye chombo kisicho na pa kujificha. Baadhi ya nchi, Kanada ikiwemo, zimepiga marufuku kumfuga, basi ulizia sheria kabla ya kuagiza.

*Panzi na nzige.* Chakula kizuri sana. Barani Ulaya nzige huuzwa madukani kama nyenje, ila Marekani huwezi kuwafuga bila kibali kwa sababu ni waharibifu wa mazao.

*Viwavi wa hariri.* Zaidi ya 80% ya mwili wao ni maji, na mafuta ni kama 1% tu. Wanamfaa kinyonga mnene, anayepona ugonjwa, au asiyekunywa vya kutosha. Hula majani ya mforosadi peke yake, au chakula maalumu kinachotengenezwa kwa majani hayo. Nawa mikono kabla ya kuwashika na usiache majani yenye unyevu yakafanya ukungu, kwani ukungu huwaua ndani ya siku moja au mbili.

*Mabuu ya nzi askari mweusi.* Hawa ni wa kipekee: wana kalsiamu takriban mara mbili na nusu ya fosforasi bila kupakwa chochote. Usifanye kosa la kuwafanya mlo wa kila siku, maana mafuta yao yanafika 14% na ngozi ni ngumu. Buu asiyetafunwa vizuri huweza kutoka kwenye kinyesi akiwa mzima. Wale watakaogeuka weusi na kuacha kutembea usiwatupe. Waweke kwenye kikopo kizimbani, watatoka nzi, na hakuna mazoezi ya ulimi yanayozidi kuwinda nzi anayeruka.

Wengine wote ni wa kuonjesha. Funza wa unga ana mafuta karibu 13%, na fosforasi yake inaizidi kalsiamu mara kumi na tano au zaidi. Zofoba, yule funza mkubwa wa rangi ya dhahabu, ana mafuta karibu 18%. Buu wa nondo wa nta anafika 25%, na vinyonga humpenda kiasi cha kugoma kula kingine chochote. Mmoja au wawili kwa wiki wanatosha kwa kinyonga mzima. Ile hadithi kwamba zofoba hutoboa tumbo la kinyonga na kutoka nje ipuuze. Kwa kawaida kinyonga hutafuna kabla ya kumeza.

Hatua ya 2: Pima ukubwa

Urefu wa mdudu usizidi upana wa kichwa cha kinyonga, ukipima katikati ya jicho na jicho. Viwavi laini wanaweza kuzidi kidogo. Kinyonga aliyeanguliwa juzi anahitaji nzi wa matunda wasioruka na nyenje wachanga wa milimita 2 hadi 3. Ukikosea, kosea upande wa udogo. Mdudu mdogo anamchosha tu mwindaji, lakini mkubwa anaweza kumkaba au kutapikwa nusu saa baadaye.

Hatua ya 3: Mshibishe mdudu saa 24 hadi 48

Kwanza uelewe tatizo lenyewe. Mwili wa kinyonga unataka kalsiamu mara moja na nusu hadi mbili ya fosforasi. Kwa nyenje mambo ni kinyume: fosforasi inaizidi kalsiamu karibu mara saba. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili unaifuata kwenye mifupa, na mifupa inalainika. Kumshibisha mdudu na kumpaka poda ni njia mbili za kuziba pengo hilo, na moja haitoshi bila nyingine.

Andaa boksi la plastiki lenye urefu wa sentimita 50 hivi, lililotobolewa na kuwekwa wavu juu na ubavuni. Simamisha trei za mayai ndani yake, zisilale, ili kinyesi kidondoke chini. Joto liwe nyuzi 26 hadi 30. Usiweke bakuli la maji wazi, nyenje watazama. Maji wayapate kwenye kipande cha chungwa au karoti. Unyevu na msongamano ndio wauaji wakubwa wa nyenje. Ukifungua boksi ukakutana na harufu kali ya mkojo, hewa haipiti.

Chakula kibichi, kibadilishwe kila siku: majani ya sukuma wiki au haradali, boga, karoti, viazi vitamu vilivyokwaruzwa. Spinachi iache, kwa kuwa oksalati yake hushika kalsiamu isitumike. Letasi nyeupe ni maji matupu.

Chakula kikavu, kiwe kimesagwa laini kama unga:

- sehemu 4 za majani makavu ya lusini
- sehemu 2 za shayiri
- sehemu 1 ya chavua ya nyuki
- sehemu 1 ya kalsiamu kaboneti

Mchanganyiko huu wape wadudu katika zile siku mbili za mwisho tu. Kalsiamu nyingi namna hiyo ikiwa chakula chao cha kudumu itawaua wao kabla hawajamfikia kinyonga. Siku nyingine waondolee kalsiamu.

Chakula cha mbwa au paka kisiingie kwenye boksi kabisa. Kinawanenepesha nyenje haraka, ndiyo, lakini protini yake ya ziada huishia kuwa asidi ya yuriki ndani ya kinyonga, na mlango wa jongo unafunguka: viungo vinavimba, figo zinachoka. Pumba tupu nazo zina fosforasi nyingi. Zitumie kama makazi ya funza wa unga, kisha siku mbili kabla ya kulisha wahamishie kwenye mchanganyiko ule wa juu.

Funza wa unga unaweza kuwaweka kwenye friji, sehemu isiyo na baridi kali, ili wasikue haraka. Zofoba usiwaweke, baridi inawaua.

Hatua ya 4: Paka poda

Tia wadudu wa mlo mmoja kwenye kikombe au mfuko mkavu, ongeza poda kidogo sana, kama moja ya nane ya kijiko cha chai kwa nyenje kumi, kisha zungusha taratibu. Mdudu atoke kama mtu aliyepita njia ya vumbi, asitoke kama aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Akiwa mweupe pe, kinyonga anaweza kumtema, na anayo haki.

Ratiba inayotumiwa na wafugaji wengi, kwa kinyonga anayepata mwanga wa UVB (mionzi ya taa maalumu inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D3):

- Kalsiamu tupu, isiyo na vitamini D3 wala fosforasi: kila mlo.
- Vitamini mchanganyiko zenye D3 na vitamini A ya aina ya retinoli: mara mbili kwa mwezi.

Soma kibandiko uhakikishe retinoli imo. Wadudu wenyewe karibu hawana vitamini A, na beta karotini (ile ya kwenye mboga, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) peke yake si ya kuitegemea kwa vinyonga. Ikikosekana, macho yanavimba na kufumba, na ulimi unakosa mnato: unampiga nyenje vizuri kisha anadondoka. Lakini D3 na A hukaa kwenye mafuta ya mwili na hazitoki upesi. D3 ikizidi, kalsiamu hujijenga kwenye figo na mishipa. Kwa hiyo kuongeza “kidogo ili nisikose” ndiyo njia ya kawaida ya kuwadhuru.

Vinyonga wa milimani, kama yule wa pembe tatu wa Jackson, punguza zaidi: vitamini mara moja kwa mwezi, na kalsiamu usiipake kila mlo. Hao huvimba shingo kwa urahisi wakizidishiwa. Kinyonga wa Yemen na kinyonga chui wa Madagaska wanaivumilia ratiba ya juu.

Poda inamalizwa na mdudu mwenyewe, anajilamba na kujisugua hadi anatakata. Mpake, mlishe papo hapo. Na taa ya UVB huendelea kuwaka hata mionzi yake ikiisha. Ibadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12, kulingana na aina.

Hatua ya 5: Lisha kwa hesabu

Mtoto hadi miezi mitatu au minne: kila siku, kadiri anavyokula ndani ya dakika kumi na tano. Baada ya hapo punguza pole pole. Kinyonga mzima anatosheka na wadudu watatu hadi watano wa ukubwa wake, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Atakukodolea jicho siku ya kufunga, usimwonee huruma.

Kwa jike wa Yemen hesabu hii ni suala la uhai. Jike anayeshibishwa sana hutaga mayai mengi, wakati mwingine zaidi ya 60 kwa mkupuo mmoja, hata kama hajawahi kuona dume. Mzigo huo unakausha kalsiamu yake, na mayai huweza kukwama. Mlo mdogo, pamoja na sehemu ya kuotea joto isiyozidi nyuzi 27 hivi, hupunguza idadi ya mayai.

Tumia kikombe kirefu kisichopenya mwanga, ubandike wavu upande mmoja wa ndani ili wadudu wapande hadi waonekane, ukitundike karibu na tawi analopenda kukaa. Nyenje waliobaki watoe kabla ya kuzima taa. Usiku wakiona njaa huuma ngozi ya kinyonga aliyelala, hasa pembeni mwa macho na mkia.

Hatua ya 6: Wadudu wa porini

Wanaongeza aina mbalimbali kwenye mlo, na kwa hilo wana thamani. Wakamate mbali na mashamba, bustani zinazopuliziwa dawa na kando ya barabara. Panzi wa kijani au kahawia wa kwenye nyasi na nondo wa kawaida wanafaa. Kisha peleka kinyesi cha kinyonga kwa daktari wa mifugo mara mbili kwa mwaka kikapimwe minyoo.

Wa kuogopwa kuliko wote ni kimulimuli. Mmoja tu anaweza kumuua kinyonga mzima. Acha pia viwavi wenye manyoya au rangi kali, panzi wa rangi nyingi anayejiendea taratibu badala ya kuruka (hana haraka kwa sababu ana sumu), nyuki, nyigu, na kiwavi yeyote uliyemtoa kwenye mnyanya au tumbaku. Kiwavi mwenye pembe wa dukani hana shida, kwani amelelewa kwa chakula kisicho na sumu. Mtumie kama njia ya kumwongezea maji kinyonga, kwa kuwa takriban 85% yake ni maji.

Mambo yakienda kombo

*Anakosa shabaha, au ulimi unatoka nusu.* Angalia kalsiamu na taa kwanza. Miguu ikianza kupinda kama matege au taya kulegea, hapo poda ya nyumbani haitoshi, daktari anahitajika siku hiyo hiyo.

*Amegoma kula nyenje.* Mara nyingi amechoka na mdudu mmoja. Mwachishe siku mbili au tatu kama ni mzima na mwenye mwili, kisha mletee aina nyingine inayotembea tofauti: nzi, kiwavi, panzi. Usimrudishie buu wa nta ili tu ale. Jike akigoma huku akizunguka sakafuni na kukwaruza, anatafuta pa kutagia. Mpe ndoo ya mchanga wenye unyevu wa kina cha sentimita 30.

*Sehemu nyeupe ya kinyesi imekuwa ya rangi ya chungwa.* Hapati maji ya kutosha. Ongeza kunyunyiza asubuhi na jioni, na kwa wiki hiyo badilisha nusu ya nyenje kwa viwavi wa hariri.

*Kuna funza mzima kwenye kinyesi.* Alimezwa bila kutafunwa. Toboa ngozi ya mabuu kwa pini kabla ya kuwatia kikombeni, na hakikisha anapata joto la kutosha kuota baada ya kula, maana tumbo la kinyonga halisagi chakula kwenye baridi.