Lowesha asbestosi kabla fundi hajaigusa

Nyumba nyingi za zamani, hasa za watumishi na za shule, bado zina paa la asbestosi: yale mapande mazito ya kijivu yenye mawimbi. Kama ni zima, liache. Kipande kikipasuka na lazima kiondolewe, kiloweshe kwanza kwa bomba la kupulizia dawa shambani (jipya, lisilo na sumu), maji yakiwa na sabuni kidogo ya vyombo. Nyuzi za asbestosi ni nyembamba mno, zikiwa kavu hupeperuka hadi mapafuni na madhara huonekana miaka mingi baadaye. Sabuni huyasaidia maji kupenya badala ya kuteleza tu juu. Fungua bolti, usivunje kwa nyundo, kisha funga kwa nailoni nzito mara mbili. Usifagie mabaki.

Mashine ya kuoshea magari haifai kabisa, presha yake huzing'oa nyuzi. Na kama paa linameguka kwa vidole, au ni la kuondolewa lote, maji hayatoshi: kwa Kenya, tafuta wenye kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira); kwa Tanzania, waulize NEMC (baraza la mazingira). Watoto wakae mbali, tafadhali.