Namna ya Kusikiliza Mapigo ya Moyo wa Mtoto Wakati wa Uchungu

Mkunga wa zahanati ya kijijini Kongwa au Chamwino, mkoani Dodoma, ambako kufika hospitali ya wilaya huchukua muda, hana budi kugundua mapema mtoto anapokosa oksijeni tumboni. Papasa tumbo utambue ulipo mgongo wa mtoto, kisha weka hapo dopla (kifaa cha umeme kinachotoa sauti ya mapigo) au fetoskopu (pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto), hata ya mbao inatosha kabisa, huku vidole vyako vikiwa kwenye kifundo cha mkono wa mama, maana ni rahisi mno kuhesabu mapigo ya mama ukidhani ni ya mtoto. Anza kusikiliza mara tu uchungu unapoachia, uhesabu dakika 1 nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha, mapigo yaliyoshuka kwa muda mfupi yatakupita. Uchungu ukishakolea, rudia kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 mama anaposukuma, ukijaza patografu (chati ya maendeleo ya uchungu) papo hapo.

Mapigo ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Yakitoka nje ya hapo na yasirudi, mlaze mama ubavu wa kushoto, simamisha dripu ya oksitosini (dawa ya kuongeza uchungu) kama ipo, chunguza kama kamba ya kitovu imetangulia kutoka kabla ya mtoto, ita gari la wagonjwa, na uandae ambubagi (mfuko wenye barakoa wa kumpulizia mtoto hewa), kwa kuwa mtoto asiyepumua anapaswa kusaidiwa ndani ya dakika 1 tangu azaliwe.