Namna ya kuchagua mradi wa utamaduni unapojifunza lugha ya kigeni Unguja na Pemba

Mwanafunzi wa Kifaransa akiambiwa achague mradi wa utamaduni, mara nyingi linalomjia kwanza ni Mnara wa Eiffel. Hutafuta picha, huandika kwamba ulimalizwa mwaka 1889 na kwamba urefu wake ni mita 330, hubandika karatasi ukutani, na mwezi humalizika hajatamka sentensi tatu za Kifaransa. Taarifa zake zote ni za kweli. Kasoro ni kwamba ndani ya mradi huo hakuna pahala panapomlazimisha kufungua mdomo.

Mradi tunaouzungumzia hapa ni kazi ndogo ya wiki nne hadi sita juu ya jambo moja wanalolifanya wenye lugha yao: wanachopika, wanachocheza, wanavyokaribishana, wanavyosimulia ya zamani. Uchague kwa kuangalia sentensi utakazolazimika kuzisema. Uzuri wa picha, umaarufu wa pahala na hata mapenzi yako mwenyewe juu ya mada vinakuja baadaye.

Sentensi kumi kabla ya uamuzi

Chukua karatasi, andika jina la mradi juu, kisha kwa Kiswahili andika sentensi kumi utakazohitaji kumwambia mtu mwengine wakati mradi unaendelea. Usiandike maelezo juu ya mada, andika maneno ya kuambiana: "Zamu yako", "Ngapi zimebaki?", "Ongeza maziwa kidogo", "Kwetu hatufanyi hivyo". Ukimaliza, zungushia duara vitenzi vyote. Ukikuta karibu zote zinasimama juu ya "ni" na "kuna", uache mradi huo. Ukipata vitenzi tofauti sita au zaidi, na sentensi tatu kati ya hizo kumi ni maswali, una mradi wa kufanyia kazi.

Halafu kadiria kila sentensi itasemwa mara ngapi katika nusu saa. Sentensi inayosemwa mara moja hupotea. Inayorudiwa mara kumi na tano ndani ya mchezo mmoja hukaa, kwa sababu kila mara unaitoa ukiwa na haja nayo. Hii ndiyo sababu michezo na upishi huyashinda majengo na bendera.

Angalia pia sarufi unayosoma sasa. Maelezo ya mapishi yana amri na vipimo. Yanamfaa anayeanza, lakini hayatampa nafasi ya kutumia wakati uliopita. Maisha ya mtu wa zamani yana wakati uliopita tele. Kulinganisha desturi za huku na za kule kunadai "kwetu" na "kwenu", "zaidi ya", "badala ya". Anayechagua mradi usiolingana na sarufi yake hufanya kazi mbili kwa pamoja, na mara nyingi huishia kuzishindwa zote mbili.

Mfano unaofaa sana: pétanque kwa wanaosoma Kifaransa

Tunauweka mbele mchezo huu wa kurusha mipira kwa sababu sheria zake ni chache, hauna gharama, na wachezaji hawaachi kusemezana. Ulianzia La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 20, na Madagaska, jirani zetu wa bahari, wanaucheza kwa kiwango cha juu mno.

Chora duara chini, upana wa sentimita 35 hadi 50. Mchezaji husimama ndani yake miguu yote miwili ikiwa chini, na hurusha kwanza kimpira kidogo, kinachoitwa cochonnet, umbali wa mita 6 hadi 10. Baada ya hapo kila upande unarusha mipira yake ukitaka iwe karibu na cochonnet kuliko ya wapinzani. Upande ulio mbali zaidi ndio unaoendelea kurusha mpaka upate nafasi ya karibu au mipira yake imalizike. Wakicheza mmoja kwa mmoja au wawili kwa wawili, kila mtu ana mipira mitatu. Wakiwa watatu kwa watatu, kila mtu ana miwili. Mzunguko ukimalizika, upande uliokaribia zaidi unahesabu pointi moja kwa kila mpira wake ulio karibu kuliko mpira bora wa wapinzani. Wa kwanza kufika pointi 13 ndiye mshindi.

Mipira halisi ni ya chuma, gramu 650 hadi 800. Kwa mradi wa kujifunza, mawe ya mviringo yanayojaa kiganjani yanatosha, ilimradi yawe yamekaribiana uzito, kila upande upake mawe yake rangi yake, na ndimu iwe cochonnet. Msichezee mchanga wa pwani uliolegea, kwa sababu jiwe likianguka linazama pale pale na hakuna tena kubishana nani yuko karibu. Tafuteni uwanja wa udongo mgumu wenye kokoto kidogo.

Sentensi za kuanzia ni hizi: "À qui de jouer ?" kuuliza zamu ya nani, "Tu pointes ou tu tires?" kumuuliza mwenzako kama anataka kusogea karibu au kuupiga mpira wa mpinzani, "Qui a le point?" kuuliza nani yuko mbele, "On mesure?" mnapotaka kupima, "Il nous reste deux boules" kueleza kilichobaki, "Trop court!" na "Trop long !" baada ya kila mrusho. Ziandikeni kwa herufi kubwa na muziweke pembeni ya uwanja kwa wiki ya kwanza tu. Wiki ya pili karatasi iondoke. Atakayesema Kiswahili katikati ya mzunguko, upande wake unapoteza pointi moja. Kanuni hii haimo katika mchezo wenyewe, lakini bila yake watu hurudi kwenye Kiswahili pale pale ubishi unapopamba moto, na ubishi ndio wenye faida kubwa.

Kilichopo kisiwani

Mradi mwingi hufa kwa kukosa kitu kimoja. Kabla ya kuanza, andika kila unachohitaji na pahala utakapokipata: Darajani, Chake Chake, Wete au Mkoani. Kinachohitaji kuagizwa kutoka Dar es Salaam kifute, au utafute badala yake. Crêpes za Kifaransa, kwa mfano, hazidai kitu kigeni: gramu 250 za unga wa ngano, mayai 4, nusu lita ya maziwa, chumvi kidogo na siagi iliyoyeyushwa kama gramu 50. Aliyezoea chapati za maji ataijua kazi hii mara moja. Maziwa yatiwe kidogo kidogo, kwani yakimiminwa yote kwa pamoja unga hufanya madonge. Mchanganyiko upumzike saa moja. Kikaango kiwe cha moto kabla ya upawa wa kwanza. Wafaransa huzipika zaidi tarehe 2 Februari, siku yenye asili ya Kikristo, lakini ni chakula cha siku yoyote, kwa hiyo nyumba isiyotaka mambo ya sikukuu itapika tu. Mapishi yenye mvinyo au nyama ya nguruwe yaacheni yote. Ukiyarekebisha sana, unachojifunza si chao tena.

Kwa sauti na video, pakua mapema pale mtandao ulipo mzuri. Faili la dakika mbili ulisikilize mara thelathini. La saa nzima hutalirudia.

Nani atakusikiliza

Hapa Unguja na Pemba haziko sawa, na msimu nao una lake. Kiwengwa na Nungwi wageni wa Kitaliano ni wengi, lakini wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, wageni hupungua na baadhi ya hoteli za pwani hufunga. Mradi unaotegemea wageni usiangukie Aprili. Uanze Juni, au Disemba.

Mjini, mgeni ameshasimamishwa na papasi, wale wanaowafuata wageni mitaani kuwauzia vitu na huduma, mara nyingi kabla hajafika kwako, kwa hiyo sentensi yako ya kwanza imtoe wasiwasi. Kwa Kifaransa: "Je n'ai rien à vendre, j'apprends le français. Vous avez cinq minutes ?" Akikataa, mshukuru umwache. Anayefanya kazi hoteli amuombe msimamizi wake ruhusa kwanza, na asimfanye mgeni mwalimu: dakika tano, jambo moja, basi.

Pemba wageni ni wachache, lakini familia nyingi zina jamaa Oman, na hilo ni hazina kwa anayesoma Kiarabu. Aliyehitimu chuoni kwa kusoma msahafu ana herufi na matamshi tayari. Anachokosa ni mazungumzo ya kila siku. Mradi wa kahawa unamfaa. Kahawa ya Kiarabu iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2015 kwa ombi la Oman, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Qatar kwa pamoja, na taratibu zake zina hatua: kikombe hakijazwi, hupokewa kwa mkono wa kulia, na mgeni akitosheka hukitikisa kidogo kabla ya kukirudisha. Mtumie shangazi au ami aliye Muscat ujumbe wa sauti, swali moja kila siku: nani humiminiwa kwanza, mgeni huambiwa nini, hujibu nini. Anza kwa salamu kamili na kumuulizia hali, kwa sababu mtu mzima anayetupiwa swali bila ya salamu hatajibu mara ya pili. Na muombe ajibu kwa Kiarabu cha Oman tangu siku ya kwanza. Anayechanganya Kioman, Kimisri cha filamu na fus-ha (Kiarabu sanifu) katika mradi mmoja wa wiki nne hatoki na hata kimoja.

Mbili zaidi, kwa wenye kazi ya kuongoza wageni

Kitaliano: linganisha kahawa ya baa ya Italia na ya Jaws Corner, Mji Mkongwe. Kule watu wengi hunywa wamesimama kaunta, upesi, na mara nyingi hulipa kwanza na kuonyesha risiti; cappuccino ni ya asubuhi. Huku tunakaa barazani, kahawa chungu, kashata mkononi, mazungumzo hayana haraka. Lengo ni kumueleza Mtaliano tofauti hiyo kwa dakika tatu bila ya kusoma. "Da noi il caffè si beve seduti, da voi in piedi, al banco." Ukiimudu sentensi hiyo, umbile lake linabeba mengine: chakula, harusi, salamu.

Kijerumani: maisha ya Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na Rudolph Heinrich Ruete, akaishi Hamburg na kufariki Jena mwaka 1924. Kumbukumbu zake alizichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, na haki za mwandishi zimeshakwisha, kwa hiyo kunakili aya na kuisambaza kwa wenzako hakuna tatizo. Hakuna mada inayomfaa zaidi muongozaji anayetaka kuumudu wakati uliopita: "1844 wurde sie in Mtoni geboren. 1866 verließ sie Sansibar." Usijaribu kitabu chote. Chukua aya moja ya maneno kama 120, uvunje sentensi zake ndefu ziwe fupi fupi, kisha uzisimulie ukiwa kwenye magofu ya Mtoni, njia ya Bububu, ukionyesha kwa mkono. Ukikuta chapa ya herufi za zamani za Fraktur, jihadhari: s ndefu inafanana mno na f, na anayeisoma vibaya hutafuta katika kamusi maneno yasiyokuwepo.

Nyimbo tunaziweka nyuma. Zinapendeza na zinasaidia matamshi, lakini mtu anaweza kuuimba wimbo mzima kwa Kiarabu au Kifaransa asiweze kuagiza maji kwa maneno yake.

Wiki nne zenyewe

Siku ya kwanza jirikodi kwa simu dakika mbili ukizungumzia mada kwa lugha unayojifunza, hata kama ni kwa kukwama. Usiifute. Wiki ya kwanza kusanya sentensi 20 kwa kusikiliza, zisizidi. Ya pili zitumie peke yako, kwa sauti, mikono ikiwa kazini. Ya tatu na mwenzako. Ya nne na mwenye lugha, ana kwa ana au kwa simu. Nusu saa kila siku inatosha. Ramadhani isogeze baada ya tarawehe, au uahirishe mradi wa jikoni mpaka baada ya Idi.

Mambo matatu huuharibu mradi uliochaguliwa vizuri. Daftari kuandikwa kwa Kiswahili, mpaka siku ya kuzungumza mtu anatafsiri kichwani. Kuipa simu iandike hotuba nzima, yenye maneno ambayo mwenyewe hawezi kuyatamka. Na mada kutanuka: aliyeanza na kahawa wiki ya pili yumo kwenye historia ya Roma. Ukijiona unatanuka, rudi kwenye karatasi ya sentensi kumi, na kisichokuwemo humo kikae nje.

Mwisho wa wiki ya pili hesabu. Kama mpaka hapo hujapata hata mtu mmoja wa kusemezana naye kwa lugha hiyo katika wiki ya tatu, badilisha mradi siku hiyo hiyo. Sentensi ulizokwisha kuzishika, za kuuliza, kuomba na kupinga, zitahamia katika mradi mpya.