Kupenda na kupendwa ukiwa na selimundu

Kisumu, Siaya, Kakamega, Busia: huku selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, si ugonjwa wa kusikia kwa mbali. Hata hivyo wengi walio nayo huificha kwa mchumba hadi wazee wameshakutana, na hapo ndipo mambo huharibika. Kinachomuuma mchumba zaidi ni kule kufichwa.

Basi sema mapema. Si siku ya kwanza mkinywa soda, ngoja mwonane mara tatu nne, ukiona kuna mwelekeo, mkae mahali patulivu umwambie kwa maneno machache: "Nina selimundu. Nilizaliwa nayo, haiambukizi. Kuna siku mifupa hunishika maumivu makali, na mara nyingine nalazwa. Niulize chochote." Halafu nyamaza, umpe siku kadhaa za kufikiri. Macho yako yakiwa na umanjano, mweleze pia, maana wengi hudhani ni pombe au ini. Ni chembe nyekundu za damu zinazovunjika upesi kuliko kawaida. Na ikiwa kuna jamaa atakayetaja chira au laana, mwombe shangazi au mjomba anayeheshimika awaeleze wazee kabla uvumi haujawafikia.

Kisha kipimo cha kujua kama mwenzako anabeba selimundu, nacho msikicheleweshe. Mwenzako akijibu "mimi ni O", ujue amekutajia kundi la damu, ambalo halihusiani kabisa. Kile kipimo kinachoangalia tu kama chembe hujikunja (sickling test) nacho hakitoshi, kwa sababu hakitofautishi AS, yaani anayebeba selimundu bila kuugua, na SS, yaani mgonjwa. Aombe elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za hemoglobini katika damu, na kama aliongezewa damu karibuni asubiri miezi 3, la sivyo itasomwa damu ya aliyemchangia.

Ukiwa SS naye AA, yaani habebi selimundu, watoto wenu wote watakuwa AS: wanabeba, hawaugui. Akiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 50 wa mtoto SS. Tilia mkazo hilo neno "kila". Mtoto wa kwanza akizaliwa mgonjwa, wa pili hajapunguziwa chochote. Jibu la AS halimaanishi lazima muachane, ila mzungumze mkiwa bado wawili, kabla ya mimba. Mkipanga kuzaa, anayemeza dawa ya selimundu iitwayo haidroksiyurea, mume au mke, amwone daktari miezi kadhaa mapema. Asiiache kwa uamuzi wake. Na kabla ya kuchagua njia ya uzazi wa mpango, mwambie mhudumu una selimundu, kwani vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda.

Matembezi yenu yapangeni kwa kufuata maji na baridi, kwani mwili ukikauka au ukipoa ghafla chembe hujikunja na kuziba mishipa midogo. Jua la mchana Kisumu linataka chupa ya maji mkononi. Nakuru mwezi wa Julai kunataka sweta na soksi. Kurudi usiku kwa boda boda bila koti kumeharibu jioni nyingi nzuri.

Kitandani, kunywa glasi ya maji kabla na baada. Nyonga ikiuma, weka mto chini yake na umwambie mwenzako lipi linauma, usivumilie kimya. Mwanamume mwenye selimundu anaweza kusimamisha uume bila hamu, kwa maumivu. Anywe maji, akojoe, aoge maji ya uvuguvugu, atembee chumbani. Uume usiposhuka, asingoje muda wa masaa manne upite tangu usimame: aende hospitali usiku huohuo, aibu aiweke kando, kwa kuwa kuchelewa kunaweza kumwondolea nguvu za kiume kabisa.

Usiku wa maumivu haufai kupangwa usiku huohuo. Andikeni karatasi, ibandikwe nyuma ya mlango: dawa na kipimo alichoandika daktari, namba ya dereva anayeamka, na dalili za kutongoja asubuhi, yaani homa ya 38.5, kifua kuuma au kupumua kwa shida, mkono au mguu mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito. Chini yake, mfuko wenye kadi ya kliniki, kitambulisho, blanketi na maji.

Mwenzako naye huchoka. Tajeni tangu sasa dada au rafiki atakayempokea zamu wodini, ili usiku wa pili akalale nyumbani. Na ugomvi wowote uliokuwapo ungoje mpaka uruhusiwe kutoka.