Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Kupunguza Uzani

Mjini Kisumu, anayetaka kujua uzani wake haendi mbali, kwa kuwa wapo vijana wanaoweka mizani kando ya njia na kutoza shilingi chache tu. Tatizo ni kwamba wengi huipanda wakiwa na viatu miguuni na simu mfukoni, muda mfupi baada ya kumaliza samaki na ugali, kisha wakafika nyumbani wameshaapa kutokula chajio. Kipimo cha kuaminika huchukuliwa asubuhi kabla ya chai, kwa mizani ile ile, na mara moja kwa wiki inatosha.

Kilo peke yake hazisemi mengi. Zigawanye kwa urefu wako katika mita, uliozidishwa kwa urefu huo huo: mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 70 atapata takriban 25.7, ambayo imepita kidogo kiwango cha kawaida cha 18.5 hadi 24.9. Hesabu hii haimfai mjamzito, na watoto na vijana wanaokua hupimwa kwa kulinganishwa na umri wao. Hata mvuvi wa Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, mwenye misuli ya kuvuta nyavu anaweza kuonekana mnene kwenye karatasi ilhali hana kitambi, ndiyo maana inafaa pia kupima kiuno kwa tepu ya fundi cherehani.

Jiulize vilevile ni nani aliyekuambia upungue. Huku kwetu, anayerudi kutoka Nairobi akiwa amenona husifiwa kwamba maisha yamemkubali, na aliyekonda huulizwa kwa sauti ya chini kama amepimwa, kwani miaka ya ukimwi haijasahaulika. Ni kweli kwamba anayepungua bila kukusudia apimwe virusi vya ukimwi, kifua kikuu na kisukari. Lakini majibu yakiwa safi, familia nyingi hupumua na kuliacha jambo hapo, pasipo kufikiri kwamba huenda binti anajinyima chakula kwa makusudi.

Hapa ndipo pa kutulia. Matatizo ya ulaji ni ugonjwa wa akili unaodhuru mwili, wala si maringo ya watoto wa matajiri. Huwapata wavulana pia, na mwenye uzani wa kawaida anaweza kuwa nao. Katika anoreksia, mtu hujinyima akiogopa kunenepa hata akiwa amebaki mifupa. Katika bulimia, hula kwa wingi bila kuweza kujizuia, kisha hujitapisha au hunywa dawa za kumfanya aharishe. Wapo pia wanaokula hivyo kwa siri na kubaki na aibu, bila kutapika. Mtazame unayemshuku akiwa mezani: anamega ugali, anaufinyanga, anauchovya kwenye mchuzi na kuurudisha sahani, akisema alikula shuleni, au anamaliza vyote kisha anakimbilia msalani na kufungua maji ya mfereji kwa nguvu. Hedhi inaweza kukatika, meno yakalika kwa asidi ya matapishi, na potasiamu, madini ya mwilini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, ikishuka mapigo ya moyo huvurugika, jambo linaloweza kuua. Ukiona dalili hizi kwako mwenyewe, usianze mpango wowote wa kupunguza uzani kabla ya kuonana na daktari.

Asiye na dalili hizo hahitaji majani ya chai ya kupunguza tumbo, ambayo mengine ni dawa za kuharisha tu. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo salama. Ugali upungue sahanini, mboga za majani kama osuga (mnavu) na mrenda ziongezeke, omena ichemshwe badala ya kuogelea katika mafuta, na safari fupi ya bodaboda igeuzwe matembezi.

Mtaalamu wa lishe hupatikana katika hospitali kubwa za kaunti, ila kwa anayejinyima au kujitapisha, omba pia mhudumu wa afya ya akili. Nenda na orodha ya dawa unazotumia, tarehe ya hedhi ya mwisho na vipimo vyako vya wiki chache. Kama ni mtoto wako, usianze kwa kumwambia amekonda au amenenepa; mwambie ulichoona mezani, kisha nyamaza umsikilize. Na akizirai au moyo ukimwenda mbio ovyo, usingoje kliniki ya Jumatatu: mpeleke kitengo cha dharura usiku huo huo.