Simu ikidai meseji zimejaa, tafuta kwanza palipojaa

Umenunua umeme wa Tukuza kwa simu, pesa imekatwa, tokeni haiji. Au wakala wa Chake Chake anaapa kwamba pesa ameshaituma, na wewe kwenye simu huoni kitu. Lawama hutupiwa mtandao, na mara nyengine mtandao kweli unahusika. Lakini tazama kwanza juu ya kioo: ukikuta alama ya bahasha inayowakawaka, au maneno kwamba nafasi ya meseji imejaa, tatizo umelishika mkononi na linaondoka kwa dakika chache, ilimradi usianze kufuta ovyo.

Wengi hufuta meseji mia mbili, wakaona simu bado inalalamika, wakafuta mia mbili nyengine. Meseji zina sehemu tatu za kujaa, na kila moja ina ukomo wake: kadi ya laini, programu ya meseji, na hifadhi nzima ya simu. Ukifuta kwenye programu wakati kilichojaa ni laini, hujafanya kitu.

Meseji ambayo haikuingia iko wapi?

Haijapotea bado. Kila kampuni ya simu ina mtambo wa kupokea na kugawa meseji. Simu yako ikijibu kwamba haina nafasi, mtambo huiweka meseji foleni. Nafasi ikipatikana, simu yenyewe huuarifu mtambo na meseji huletwa. Ila mtambo hausubiri milele: kila meseji ina muda wake wa kungoja, na muda ukipita hufutwa.

Kwa hiyo tokeni isipofika, usikimbilie kununua umeme mara ya pili. Toa nafasi, zima simu, iwashe, ngoja dakika tano hadi kumi. Isipokuja, rudi ulikonunulia wakutajie namba 20 za tokeni ile ile. Tokeni haiharibiki kwa sababu meseji yake haikufika.

Kadi ya laini

Hapa ndipo penye ukomo mdogo kuliko kote. Laini nyingi zina nafasi baina ya 10 na 50 tu za meseji, na kila nafasi ni baiti 176, yaani kipande kimoja cha meseji. Simu ya tachi kwa kawaida haiweki meseji kwenye laini; huziweka kwenye simu yenyewe. Kitochi ndicho kinachoziweka huko, hasa vile vya zamani. Matatizo huja pale laini iliyokaa miaka kwenye kitochi inapohamishiwa simu mpya: programu ya meseji inaonekana tupu, na bado simu inasema laini imejaa. Meseji za zamani zimekuja pamoja na laini.

Kuzifikia kwenye Android: fungua programu ya meseji, gusa vidoti vitatu au picha yako juu, ingia kwenye mipangilio, kisha tafuta mipangilio zaidi au ya kina. Samsung nyingi zina sehemu ya kusimamia meseji za kadi ya SIM chini ya meseji za maandishi. Kwenye simu yenye laini mbili, angalia laini zote mbili, kwa kuwa moja inaweza kujaa na nyengine ikawa tupu. Unayoitaka inakili kwenye simu, halafu futa zote. Programu nyengine hazionyeshi kabisa meseji za laini, na iPhone ni hivyo hivyo. Hapo dawa ni kuazima kitochi, kuipachika laini, na kufutia huko.

Ukiwa kwenye kitochi, maliza kazi: nenda Menyu, Meseji, Mipangilio, na pale panapouliza meseji zihifadhiwe wapi chagua simu badala ya laini. Usipobadilisha hapo, laini itajaa tena.

Nafasi hizo huliwa na urefu wa meseji na namna ilivyoandikwa. Meseji ya herufi za kawaida inachukua hadi 160. Ikizidi hukatwa vipande vya herufi 153, kwa kuwa kila kipande hubeba alama ya kuviunganisha. Lakini ukitia emoji moja tu, au herufi za Kiarabu, meseji nzima hubadilishiwa mfumo na ukomo hushuka hadi 70, na vipande vyake huwa 67. Fanya hesabu: salamu ya Idi yenye herufi 300 za kawaida ni vipande viwili. Salamu hiyo hiyo ikimalizikia na emoji ya mwezi na nyota ni vipande vitano, yaani nafasi tano za laini ya babu mwenye kitochi, na kwako ni meseji tano zinazokatwa kwenye kifurushi.

Kuna mtego mwengine usioonekana. Alama ya ng' katika ng'ombe au ng'ambo ikiwa imenyooka haina tatizo. Ikiwa imepinda, kama baadhi ya kibodi zinavyoigeuza zenyewe, hasa ya iPhone, nayo hushusha ukomo hadi 70. Programu ya Messages ya Google ina kitufe cha kutumia herufi rahisi katika mipangilio ya kina. Kwenye iPhone zima “Smart Punctuation” katika mipangilio ya kibodi.

Programu ya meseji

Baadhi ya programu zina ukomo wa meseji kwa kila mazungumzo. Kwenye Android nyingi za zamani, ukomo uliowekwa kiwandani ulikuwa meseji 200 kwa kila mtu, na kuna kitufe cha kufuta za zamani zenyewe. Kikiwa kimewashwa, hutaona onyo lolote. Meseji ya mwanzo hutoweka kila mpya ikiingia. Kwa mazungumzo na shemeji si neno. Kwa zile zinazotoka huduma ya pesa ni hasara, kwa sababu miamala yako yote huingia katika mazungumzo mamoja, na mfanyabiashara wa Darajani anaweza kuzimaliza 200 kabla mwezi haujaandama. Kizime kitufe hicho, au pandisha ukomo ikiwa simu inakuruhusu.

Kwenye iPhone kitufe chake kinaitwa “Keep Messages”, ndani ya mipangilio ya Messages, na kina chaguo tatu: siku 30, mwaka mmoja, au daima. Kuwa mwangalifu, kwani ukichagua siku 30 simu itafuta yote yaliyozidi hapo.

Na ukifuta, kumbuka jaa. Simu kadhaa za Samsung huweka meseji zilizofutwa kwenye pipa kwa siku 30, na iPhone tangu iOS 16 ina sehemu kama hiyo. Nafasi hairudi mpaka umwage na pipa.

Hifadhi ya simu

Kwa simu ya tachi, mara nyingi mkosaji yuko hapa, na mkosaji huyo si meseji. Meseji moja ni baiti 140 za maandishi. Meseji elfu kumi ni takriban MB 1.4, hata ukijumlisha majina, tarehe na kumbukumbu nyengine bado ni MB chache. Video moja ya harusi iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp inaweza kuzidi zote hizo. Hata ile picha ya kioo unayoipiga ili kutunza meseji ya muamala ina uzito wa meseji zaidi ya elfu moja.

Ingia Mipangilio, kisha Hifadhi. Simu nyingi za Android huanza kulalamika ikibaki kama MB 500, na ikikaribia sufuri hukataa kabisa kupokea meseji. Lenga kuacha angalau GB 1 au 2. Kwa simu ya GB 16 hilo ni gumu kwa sababu mfumo wenyewe hula sehemu kubwa, lakini linawezekana kwa mpangilio huu:

1. WhatsApp: Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi. Panga kwa ukubwa na uanze na video. Makundi ya harusi na ya skuli ndiyo yanayoongoza.
2. Hapo hapo zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Bila hili, wiki ijayo utarudia kazi.
3. Folda ya vilivyopakuliwa. Faili za programu ulizokwisha kuziweka na PDF zilizojirudia hukaa humo bila kazi.
4. Picha na video ulizopiga mwenyewe: zihamishie kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta. Meseji zenyewe Android haizihamishii kwenye kadi, kwa hiyo usinunue kadi kwa ajili hiyo tu.
5. Mwaga pipa la picha.

Vitufe viwili vya kuogopa

Ukiingia Mipangilio, Programu, ukachagua programu yako ya meseji, utakuta kitufe cha kufuta akiba na cha kufuta data, vimekaa jirani. Cha akiba hakina madhara na wakati mwengine huondoa onyo lililoganda. Cha data usikiguse bila nakala. Hatari zaidi ni kwenye orodha ya programu za mfumo, ambako kuna moja ya hifadhi ya simu na meseji. Humo ndimo meseji zote zinamokaa, na ukifuta data yake zinaondoka zote kwa mkupuo.

Programu zinazojitangaza kuwa zinasafisha simu usizipakue. Zenyewe hula nafasi, hujaza matangazo, na zikiomba ruhusa ya kusoma meseji zitaziona na namba zako za siri za benki. Fundi akikwambia simu “iflashiwe” ili nafasi ya meseji ipatikane, mwombe kwanza akuonyeshe ukurasa wa Hifadhi.

Cha kutunza na cha kufuta

Kabla ya kufuta kwa wingi, tengeneza nakala. SMS Backup & Restore ya Android hutoa faili moja ya XML unayoweza kuituma Google Drive au kuinakili kwenye kompyuta. Hakikisha faili ipo huko kabla hujafuta huku.

Tunza meseji za miamala yenye kumbukumbu namba, hasa kodi ya nyumba, ada na malipo ya mzigo, kwa kuwa namba hiyo ndiyo itakayoulizwa pesa ikienda kombo. Tokeni ya Tukuza ukishaiingiza kwenye mita haitumiki tena. Bakisha ya mwisho tu. Namba za uthibitisho zinazoisha baada ya dakika chache, na matangazo ya vifurushi, futa bila huruma. Meseji za “ile hela tuma kwenye namba hii” zipeleke kwanza 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli, ndipo uzifute.

Ikiwa nafasi ipo na bado haziingii

Jitumie meseji kwa namba yako mwenyewe. Ikitoka isirudi, angalia orodha ya waliozuiwa na folda ya barua taka. Kisha pachika laini kwenye simu nyengine. Zikiingia huko, tatizo ni simu yako. Zisipoingia, tatizo ni laini au mtandao, na hapo nenda kwenye duka la kampuni yako ukabadilishiwe kadi, kwa kitambulisho na alama za vidole. Namba itabaki ile ile, lakini meseji na majina yaliyomo kwenye kadi ya zamani hayahami. Yanakili kabla hujatoka nyumbani.